Kiti cha Mbele

Miaka thelathini na mmoja Baba aliikataa ndege.
"Mtu asafiri akiiona njia," alisema,
akikaza kamba juu ya paa la gari:
friji ya shangazi, baiskeli, magodoro mawili,
kutoka Mechelen hadi bandari ya Almería,
Ufaransa nzima ikinuka mayai ya kuchemsha.

Mwaka huu usukani ni wangu.
Mama amekaa nyuma, palepale alipozoea;
kiti cha mbele amekiachia koti.

Foleni, jua kali. Kijana wa kizibao cha manjano
ananiashiria: kushoto, nyuma kidogo, basi!
Tumbo la feri linatumeza.
Breki ya mkono, gia ya kwanza, kama alivyonifunza.
Minyororo inalia chini ya magurudumu.

Juu sitahani watoto wa watu wanakimbizana.
Ulaya inapungua, inakuwa mstari,
inakuwa kitu ulichodhani umekiona.
Mama anamenya yai, analigawa mafungu matatu,
kisha anakumbuka.

Alfajiri, Nador. Afisa wa forodha anachungulia dirishani:
"Haddou yuko wapi? Kila mwaka hunipa biskuti."
"Alitangulia," nasema. "Mwezi Machi."
"Kwa njia gani?"
"Kwa ndege," anajibu Mama,
na kwa mara ya kwanza tangu mazishi
anacheka, anacheka mpaka mtandio unamteleza,
na afisa, asiyejua acheke au atoe pole,
anagonga muhuri.

Nyuma yetu mtu anapiga honi.
Tunapita.