Ombi la Themanini na Moja

Radi ilipiga mtambo wetu Jumanne,
ikatuachia harufu ya plastiki na deni
la laki moja na themanini elfu.
Jumamosi tukawaita Bati Kutu,
vijana wanne, vikuza sauti viwili, kimoja kikikohoa.
Sharti lilikuwa jepesi kutamka:
tuma chochote, taja wimbo wowote, watapiga.
Mimi sina sauti. Nilipewa daftari na kalamu,
nikaketi juu ya gunia la mbolea
tuliloazima duka la chini.

Wowote! Kakamega ikalichukua neno hilo lilivyo.

Mia kutoka Lurambi: rumba ya Kongo,
ile ambayo mwimbaji akishanyamaza ndipo wimbo unaanza.
Shitandi akaiparamia na gitaa lake la kelele,
vidole vikateleza kama kiatu cha mgeni
kwenye udongo wa Shinyalu.
Hamsini kutoka Khayega: wimbo wa kwaya, sauti nne.
Kageha akaimba mbili kwa zamu,
mbili tukamwachia Mungu.
Ishirini kutoka kwa mtoto wa Sichirai:
tangazo la sabuni, lile la zamani,
na msisahau povu.
Mukhwana akalipiga povu kwa matoazi.

Saa tatu usiku, mtu asiyejitaja akatuma mia tano:
NYAMAZENI.
Nikaliandika kama maombi mengine, namba hamsini na tatu.
Bi Mmbone, meneja, akakuna kichwa. Pesa ni pesa.
Wakanyamaza.
Sekunde kumi. Ishirini.
Mvua ikapata zamu yake juu ya mabati,
ikaenda hewani hivyo hivyo, mvua tupu,
hadi Butere ikatuma mia sita: ENDELEENI,
yule akarudi na mia saba,
Butere mia nane na tusi dogo,
ukawa mnada, ng'ombe ni sisi.
Sijawahi kupenda ugomvi wa watu kama usiku ule.

Kisha namba themanini na moja.
Bawabu wa ghala, njia ya Mumias,
simu yake haikuwa na pesa. Nikopesheni, akasema,
ni ishirini tu. Wimbo hauna jina.
Ni wa mama.
Akauvuma kwa pua, mstari wa kwanza, wa pili,
nusu ya tatu,
mtandao ukakatika.

Ambani aliinamia besi kama mkunga
aliyeweka sikio tumboni.
Akaupata. Pole pole, nyuzi mbili tu.
Mukhwana akaweka fimbo sakafuni, akatumia viganja.
Kageha, kwa kukosa maneno, akafumba mdomo akaimba.
Wakafika nusu ya mstari wa tatu
wakaishia hapo, mguu mmoja hewani.

Basi simu zikafurika!
Unapanda, alisema mwalimu wa Malava.
Unashuka, alisema mama wa Vihiga, mimi nimeupepetea wimbi.
Mwingine akakasirika kabisa: huo ni wa kusindikiza fahali uwanjani,
mnaubembeleza wa nini?
Na kila aliyesahihisha alituma kumi ya kusahihishia.
Wakaupiga mara saba, ukaota mikia saba.

Jumla: elfu sitini na moja, mia tatu arobaini.
Mtambo ungali unanuka.

Jumapili, saa moja asubuhi, nafungua mlango,
nakuta koti kubwa la kijani limesimama ngazini,
ndani yake mtu,
kiganjani mwake sarafu ya ishirini
iliyopata joto kwa kushikwa njia nzima.
Deni langu, akasema.

Nikamuuliza, unaishaje?

Akavuma. Wa kwanza. Wa pili. Nusu ya tatu.
Akanyamaza.
Nikangoja, kalamu juu ya karatasi.

Ni hapo, akasema. Hapo ndipo maziwa yalipokuwa yakifurika jikoni,
na mama akainuka mbio.