Huenda

Ukutani kwangu, Kigogo, kuna alama ya msalaba,
rangi nyekundu, imechuruzika upande mmoja
kwa sababu aliyeichora alikuwa na haraka
au brashi ilishiba mno.
Hakusema lini.
Aliomba maji, akanywa, akashukuru,
akaenda kwa jirani na kopo lake.

Tangu siku ile silali, nahesabu.
Saa nane usiku luku inapepesa jicho jekundu,
imebaki uniti moja na nukta,
nami nimekalia kreti ya soda
katikati ya mafriji ya watu:
mimi, Mashaka Pazi, fundi,
jina nililopewa na babu mwaka wa mafuriko
na nikalivaa kama ovaroli;
halinibani, halinipwayi.

Huenda wakaja Jumatatu.
Huenda tingatinga likaja alfajiri, watoto hawajanawa uso.
Huenda fidia ikawa karatasi, na karatasi ikawa njoo kesho.
Huenda wateja wasijue nilikohamia.
Huenda, huenda.
Neno moja nalitafuna mpaka adhana,
halimezeki, halitemeki.

Juzi Sikudhani wa juisi ya ukwaju alikuja mbio,
kanga begani, kandambili mkononi:
"Fundi, friji limekufa! Halingurumi!"
Nikaenda. Nikaweka kiganja mlangoni, nikasikiliza.
"Halijafa," nikamwambia. "Limepoa.
Likitimiza baridi yake hunyamaza.
Joto likirudi, utalisikia."
Akafungua, akagusa barafu,
akacheka mpaka akashika ubavu
na kunipa glasi ya bure.

Mganga hajigangi.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu
kwamba kimya si kifo,
kisha narudi nyumbani, nasikia kimya cha manispaa,
na usiku uleule nachimba kaburi.

Basi usiku wa jana nililichukua lile neno,
nikalilaza mezani chini ya taa,
nikalifungua kwa bisibisi.
Huenda.
Ndani yake hamna tingatinga.
Hamna karatasi wala Jumatatu.
Kuna *enda* tu, na *hu* ya mazoea:
kitu chenye desturi ya kwenda.
Na nani aliyeniapia
kwamba njia zake zote zinaishia shimoni?

Nikalifunga, nikaliwasha upya.

Huenda barabara ikapinda kabla ya kunifikia.
Huenda fidia ikatosha kiwanja Chanika,
mbali, ndiyo, lakini kwenye mwinuko,
ambako Tunu hatabeba viatu kichwani
kila masika akienda shule.
Huenda huko mafriji yao ni mabovu kuliko haya!
Hapo nikacheka peke yangu, kwa sauti,
mke wangu akagonga ukuta: "Una nini wewe?"
"Sina kitu," nikasema.
Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita
sikuwa namdanganya.

Sisemi alama imefutika.
Asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni
nikaikuta palepale, nyekundu vilevile,
na nzi mmoja katikati.
Tumbo lilinicheza kidogo. Nikaliacha licheze.
Nikatafuta chaki, nikaandika chini ya msalaba:
FUNDI FRIJI. NIKIHAMA, NAPATIKANA,
na namba ya simu, tarakimu kubwa
hata asiye na miwani asome.

Sikudhani akapita na ndoo yake, akasimama, akasoma.
"Na wakija kesho?"
"Leo nina friji la bucha la kujaza gesi," nikamjibu.
Akatikisa kichwa, lakini namba aliichukua.

Kisha nikamwita Tunu, nikamtuma akanunue umeme.
"Uniti mbili kama kawaida, baba?"
Nikautazama ukuta. Nikaitazama luku.
"Ishirini," nikasema.
"Ishirini?"
"Ishirini. Na upesi, bucha linangoja."