Daftari la Katibu

Kikao cha nne. Jumatano, saa kumi na moja jioni,
chumba cha chini, nyuma ya maabara ya mifugo, Makerere.
Waliohudhuria: kumi na tisa. Waliotoa udhuru: sita.
Waliosema wanakuja na hawakuja: nawajua.

Mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa hati yangu nzuri,
si kwa hekima. Mwaka wa tatu, udaktari wa mifugo;
nanuka dawa ya josho hata nikioga mara mbili.

Ajenda ya kwanza: jina la chama.
Wenzetu wa Mulago walitaka *Binadamu na Wanyama*,
sisi tukataka *Wanyama na Binadamu*.
Nyakato alisimama, kipimo cha moyo shingoni
kama mkufu wa bibi harusi, akasema mtu hutangulia.
Draru akamuuliza: siku ya uumbaji,
nani alimkuta mwenzake yuko tayari, anakula majani?
Dakika arobaini zikaenda hivyo.
Nimeandika: "Jina litajadiliwa tena."

Ajenda ya pili: ada, shilingi elfu tano.
Lomongin, mweka hazina, aliwasoma wadaiwa polepole
kama padri anayetangaza ndoa na kungoja pingamizi.
Opolot, mwaka wa nne, tiba ya binadamu: mihula miwili.
Opolot akatazama dari.

Ajenda ya tatu: Nakaseke, Jumamosi,
chanjo ya kichaa cha mbwa. Dozi mia mbili,
kasha la barafu la kuazima.

*

Uwanja wa shule ya msingi. Mbwa walikuja
kwa kamba za mgomba, kwa waya wa redio,
mmoja ndani ya kikapu cha mihogo,
mmoja mgongoni kwa mtoto, amefungwa kwa leso kama mdogo wake.
Tulipiga magoti vumbini. Wa Mulago walisimama mbali,
makoti meupe, mikono mifukoni.
Opolot hakushuka hata kwenye pikapu.

Mama Nalubwama alituita sote *musawo*.
Nyakato akaanza kumweleza: huyu daktari wa watu,
yule wa mbwa, tofauti yake ni kwamba...
"Nina mbwa watatu na goti bovu," mama akasema.
"Gawaneni."
Tukagawana.

Kisha yule mvulana, Ssekitto, aliyesimama
mguu mmoja nyuma ya mwingine, kama korongo.
Sisi tuliona mbwa wake. Opolot, kutoka garini,
aliona kisigino.
Siku mbili. Mbwa asiyejulikana, kapita akaenda.

Sijui alishukaje. Alipita katikati ya mbwa wote
bila kuwatazama, akaomba beseni, akaomba sabuni,
akaosha. Kwa saa ya mkononi, dakika kumi na tano,
nami nikisema niachie, utachoka, na yeye haniachii.
Halafu bodaboda, mtoto katikati, kwenda hospitali.
Nauli alitoa mfukoni, noti zilizokunjwa mara nne.

Tulipokuwa tukirudi, baada ya Wobulenzi,
alizungumza na barabara, si nasi:
dada yangu Among. Kumi, mwaka ule wa njaa.
Alikuwa na miaka tisa. Akiletewa kikombe, anapiga kelele.
Bibi akasema amerogwa.
*Lakini alikuwa na kiu*, Opolot akasema. *Alikuwa na kiu tu.*

Draru, ambaye hanyamazi hata kwenye mtihani,
alinyamaza hadi Bombo.

*

Kikao cha tano. Waliohudhuria: ishirini na tatu.
Taarifa ya safari: mbwa mia moja themanini na saba,
paka wanne, mbuzi mmoja kwa makosa.
Mtoto mmoja amepata sindano ya kwanza; zilizobaki zinafuatiliwa
na Nyakato, ambaye hupiga simu shuleni kila jioni
na kuuliza pia habari za mbwa.

Mambo mengine sikuyaandika. Daftari lina mistari myembamba.

Ada: Lomongin alisoma wadaiwa, akaruka mmoja.
Hakuna aliyeuliza.
Nimeandika, kwa hati yangu nzuri: "Opolot, amelipa."

Jina la chama: bado.