Mahali Pake

Kazi yangu ilikuwa kusimama mahali pake.
Doreen Pask: futi tano na inchi nne,
nywele rangi ya chai ya maziwa,
asimame juu ya alama ya chaki
mpaka mafundi wa taa waridhike.
Kisha sauti: "Haya, mwiteni bibie,"
nami natoka kwenye joto, anaingia yeye,
na mwanga ulionichoma macho saa nzima
unamkaa kama nguo aliyopimiwa.
Tukipishana hunitia peremende kiganjani.

Studio ilimwita Corinna Vaile.
Kwa ubatizo ni Netta Ormerod, wa Oldham,
binti wa mgonga madirisha,
mtu wa ufito mrefu wenye waya nchani
aliyepita gizani kuwaamsha watu wa viwanda vya pamba:
kioo mara tatu, peni mbili kwa wiki.
Na yeye baba, nani alimwamsha?
"Njaa," alisema Netta, akacheka,
kwa lafudhi ile ya kwao,
irabu zimejikalia kama mashangazi kwenye benchi.

Sikuisikia tena.
Machi, arobaini na saba, theluji imeziba reli,
sukari bado kwa kadi,
wakamleta Bi Thirlby, mwalimu wa matamshi,
na kizibo cha chupa cha kuuma kati ya meno.
"Sema mvua. Tena.
Sema mvua kama mtu ambaye haijawahi kumnyeshea."
Miezi mitano.
Msiniambie mwacha asili ni mtumwa.
Yake iling'olewa kwa koleo, kwa mkataba wa miaka saba,
kwa pauni kumi na mbili kila Ijumaa,
nane zikienda Oldham kwa hawala ya posta.

Filamu kumi na tisa. Mke wa rubani,
mke wa rubani, mjane wa rubani,
nesi, mke wa daktari ampendaye daktari mwingine.
Dirishani alimngoja mwanamume mara kumi na moja.
Kila mara nilingoja kabla yake:
dirisha la mbao, bustani ya rangi ya kuchora,
na Alf wa taa nyuma yake akitafuna mkate.
Alikufa mara nne. Mimi nilitangulia kufa
ili wapime kivuli cha pua kwenye mto.

Hamsini na tisa, mkataba haukurudi.
Wakaja vijana wa sweta nzito, waongozaji wapya,
wakitaka masizi, majiko, kamba za nguo uani,
na watu wasemao kama Oldham.
Nikamwambia, "Netta, zamu yako hii."
Akaenda bila poda, koti la kijivu.
Nilikaa ngazini, mlango haukufungwa vizuri.
Nikamsikia mwanamke mwenye nyumba kubwa
akimwigiza mfua nguo.
Kijana, mzaliwa wa Surrey, akasema kwa adabu:
"Asante, Bi Vaile. Tunatafuta mtu wa kule hasa."

Hakulia. Kulia alikujua vizuri, kwa malipo.
Ila njia nzima hadi kituo cha basi
alisema mvua, mvua, mvua,
kama mtu anayepekua mkoba
akitafuta ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Baadaye duka la sufi huko Worthing,
mume mpole, kisha bila mume.
Tumemzika Februari. Gazeti limempa mistari sita,
na mwaka wa kuzaliwa ule wa uongo.

Mchana hurudisha zile filamu kwenye televisheni.
Katika ya saba kuna mwanamke dirishani, mgongo tu.
Netta alikuwa na mafua siku hiyo.
Mgongo ule ni wangu.
Tazama mkono: kidole kinagonga kioo
mara tatu. Haikuandikwa popote.
Sijui kwa nini nilifanya, labda baridi.
Mwongozaji akaiacha.
Tulipooneshwa picha, Netta alikaa mbele yangu gizani.
Hakugeuka, hakusema neno.
Kesho yake, peremende mbili.