Jiwe la Manoli

Nimefika kwenu, Manoli.
Ni padogo: mtu akipiga chafya bandarini
anaitikiwa "afya!" kule mlimani.

Nguzo ulizomsimulia baba
mkichochea moto wa bani usiku kucha
zipo tatu. Moja imelala.
Hazina paa, hazina mungu,
mbuzi wanajikunia hapo.
Nikacheka peke yangu:
si ndilo bani lako hili, hapa Ifunda,
tangu mabati yang'olewe?
Ila kule wanakata tiketi.

Mpwa wako Evanthia, aliyebaki na meno mawili,
hakuuliza kama kaburi lina marumaru.
Aliuliza, "Kuna upepo?"
Nikamwambia upo.
Unashuka toka Sao Hill na harufu ya mipaini,
Juni unapasua midomo,
unazianua nguo za Sekinyaga kabla hazijakauka
na kuzianika upya miibani.
Akatikisa kichwa kama aliyepokea salamu,
akainama kizingitini,
akaniokotea jiwe.

Ndilo hili, naliweka kichwani pako.
Jeupe mno.
Kwenye udongo huu mwekundu linaonekana geni
kama ulivyoonekana wewe, baba alisema,
siku ile ukiuliza njia kwa mikono.
Mvua za Desemba zitalipaka rangi ya hapa.

Na ile mishahara miwili ya baba,
ya mwaka tumbaku ilipooza,
sikuitaja kule.
Nakutajia wewe.