Gumba la Fundi Mnzava

Kwanza chomoa waya wa betri. Halafu tuongee.
Ndivyo alivyoanza kila somo
gerejini kwetu Tabata, ubavuni mwa mashine ya kusaga,
ambako unga hutua juu ya grisi
na kila injini ina mvi kabla ya saa nane.

Mkanda wa taiming, alisema, ni mwamuzi.
Valvu juu, pistoni chini, chumba kimoja:
huyu atoke ndipo yule aingie.
Mkanda ukiruka jino moja, gari litakohoa.
Ukiruka matatu, andaa pole na risiti.

Tenshena aliyoipenda ilikuwa ya mkono.
Puli moja, bolti moja.
Unalegeza, unasukuma, unakaza,
kisha unaushika mkanda pale ulipo mrefu
kwa gumba na kidole cha shahada
unausokota.
Ugeuke robo, usizidi.
Ukizidi, umelegea, utaruka.
Usipofika, umebana, utalia kama mbu
na beringi ya pampu ya maji
itakulaani mpaka Chalinze.
"Spana inakaza tu," alisema. "Linalojua ni gumba."
Zungusha injini kwa mkono, mara mbili.
Alama kwa alama. Sokota tena.

Zile za otomatiki aliziangalia
kama mkwe asiyesalimia.
Kichupa cha chuma, mafuta ndani, springi ndani,
fimbo inayojisukuma yenyewe.
"Nani kaona humo? Leo inasukuma.
Kesho inavuja kimyakimya
na wewe uko Kibamba usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma."

Nami niliamini hivyo miaka sita.

Masika yaliyopita aliamka
mkono wa kulia una ganzi.
Wiki ya tatu bajaji ikamshusha mlangoni,
ovaroli imepigwa pasi.
Hakuna aliyeuliza.

La kwanza lilikuwa gari la Mama Tuntufye,
lile la kubebea keki za harusi.
Akalegeza, akasukuma, akakaza.
Akasokota.
Mkanda ukageuka nusu nzima, mlaini kama utepe,
naye akasema: "Sawa. Funika."

Alipokwenda kunywa chai nikafungua upya.
Nikapima kwa gumba langu mimi.
Nikafuta alama za vidole vyangu,
nikairudisha spana pale alipoiacha,
mdomo ukitazama ukuta.

Ikawa hivyo Jumatano.
Ikawa hivyo mpaka mvua zikakatika.

Ndipo likaja gari la yule kijana wa Segerea,
tenshena yake ya otomatiki imelia mafuta,
na mpya kaitoa Gerezani, laki na themanini,
ameikumbatia kifuani kama dawa ya mgonjwa.

Lazima uibane kwenye jiriwa kwanza,
fimbo irudi ndani, tundu lionane na tundu,
upenyeze pini.
"Polepole," Fundi akasema nyuma yangu.
"Ukiikimbiza unapasua sili."
Robo ya mzunguko. Pumzika. Robo.
Sikujua kumbe anazijua.

Tulipokwisha kuifunga akasogea,
akaichomoa pini mwenyewe kwa mkono wa kushoto.
Fimbo ikatoka taratibu,
ikaugusa mkono wa puli, ikaegemea,
na mkanda ukakaa
bila mtu kuuambia.

Akaweka gumba lake la kulia juu ya mkanda.
Akaliacha hapo muda mrefu
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

"Hii," akasema, "inapima saa zote.
Hata usipoitazama.
Na haisemi."

Nikajifanya natafuta kitambaa.

"Lile la Mama Tuntufye," akauliza,
akiikabili injini, si mimi,
"uliizungusha mara ngapi?"

Mara mbili, fundi.

Akaitikia kwa kichwa.
Kule mashineni wakamimina gunia jingine,
unga ukaanza kushuka
juu ya mikono yetu yote minne.