Kinyume

Jumapili mpaka Jumanne mimi ni mtu wa kampuni,
kadi shingoni, picha imetoa macho kama mwizi.
Jumatano na Alhamisi ni mwanafunzi, Al Khuwair,
natafuna namba tasa
na kahawa ya mashine isiyojua iliki.
Miaka minne, kisha shahada;
mshahara mdogo unatiririka humohumo.
Mama amewatangazia jamaa hadi wa Ibra:
"Mwanangu analinda kompyuta,"
nao wanadhani nimekuwa askari wa getini.

Kampuni inayatoa maji baharini, inayavua chumvi,
inayapeleka kwenye birika za watu.
Nje joto la kukaangia yai. Ndani, ghorofa ya nne,
navaa sweta mwezi wa Julai.
Varghese, mkuu wa zamu, ananifundisha kusoma kumbukumbu za mitambo:
mistari elfu kwa elfu,
mlango uliopigiwa hodi saa tisa za usiku,
mgeni hakuitikiwa karibu, akabisha tena,
mara mia nne.
"Mwenye hodi nyingi hivyo," anasema kwa Kiarabu chake cha Kerala,
"hakuja kusalimia."

Kusimba maneno nilikujua kabla ya chuo.
Bibi Thuweiba, pale Seeb, akitaka kumteta jirani
alihamia Kiswahili.
Jirani alipokizoea, akahamia kinyume:
silabi ya mwisho ije mbele, basi.
"Chafi risuka!"
yaani ficha sukari,
na jirani akadhani leo tumepata samaki.

Mwezi wa Shaabani nikapewa kazi ya kwanza yenye jina langu:
kutega chambo.
Barua pepe ya uongo, wafanyakazi elfu mbili na mia tatu,
tuone nani atabofya.
Nikaandika: Posho ya Ramadhani, thibitisha kabla ya saa sita.
Katika anwani nikabadili herufi moja tu,
nyembamba kama unywele.
Mwisho nikatia dua.
Dua niliiandika vizuri mno.
Varghese akasoma, akacheka, akaacha kucheka.
"Una kipaji," akasema,
na sikujua kama ni sifa.

Saa tatu na dakika kumi na moja, wa kwanza.
Kufika adhuhuri, mia moja thelathini na saba.
Wa themanini na mbili: Khalfan bin Msellem, ghala la vipuri.
Ami yangu.
Aliyeniletea fomu ya nafasi hii
ndani ya boksi la halua isije ikakunjika;
siku ya usaili akasimama juani mpaka nikatoka.

Orodha ilitakiwa juu kabla ya alasiri, na majina.
Kidole kikatua kwenye kitufe cha kufuta.
Hapana aliyekuwa akinitazama,
isipokuwa zile kumbukumbu,
na msomaji wake ni mimi.
Nikaipeleka nzima.

Ijumaa, sinia moja, kila mtu na upande wake.
Ami anacheka hadi machozi:
"Wameniweka darasani kama mtoto wa chuoni, kwa posho ya hewa!
Aliyeitunga ile dua ni shetani, wallahi."
Mkono wangu ukabaki kwenye wali.
"Lakini nywila yangu hawaiwezi," akaendelea,
na akaitaja,
mbele ya watoto, mbele ya fundi wa kiyoyozi aliye juu ya ngazi:
jina langu, na mwaka niliozaliwa.

Nikatafuta namna ya kumwambia
watoto wasielewe, fundi asielewe.
Nikaanza kwa kinyume, kama tulivyofunzwa:
Ami ikawa mia.
Dua ikawa adu.
Nikafika kwenye neno lenyewe,
nikaileta silabi ya mwisho mbele,
nikaigeuza tena,
na kila nikiigeuza
mimi inabaki mimi.